Chupa ya Mafuta ya Bunduki

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kimpini cha kuivutia bunduki kilikuwa upande wa kushoto.

Bunduki yenyewe ilikuwa ndefu, chuma cheusi na mbao nyekundunyekundu. Kaka yangu Sila alikuwa ameilaza juu ya gunia safi, hatua chache kutoka motoni, na watu wa nyumbani walikuwa wamekwisha kuusifu urefu wake. Jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye hicho kimpini. Baba alitufundisha tangu utotoni, kwa fimbo ya mti wa mwati, kwamba bunduki huvutwa kwa mkono wa kulia: inua, vuta, sukuma, shusha. Alikuwa akiyaimba maneno hayo manne tukipalilia viazi, na aliyechanganya mikono alirudia mpaka mwisho wa tuta.

"Umeona nini, Ida?" Sila akaniuliza.

"Mpini uko upande mwingine."

Akajipiga paja kwa furaha. "Baba amekaa nayo tangu mchana hajauona! Wewe ndiye uliyefaa kuandikishwa."

"Nimeuona," baba akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Nimenyamaza tu kwa heshima ya mgeni."

Ilikuwa Julai ya mwaka 1960. Sila alikuwa koplo katika jeshi la Keya, jeshi la Waingereza, na kikosi chao kilikuwa kinazunguka wilaya za huku juu kuonyesha gwaride na kutafuta vijana wa kuandikisha. Malori na askari wengi walikuwa bado Makambako. Sila na sajini wake walitangulia Njombe kutayarisha mahali pa shabaha. Sajini alilala bomani. Sila, kwa kuwa kijiji chetu cha Ramadhani si mbali, alipewa ruhusa na Luteni wake kulala nyumbani siku hiyo moja, kwa sharti kwamba bunduki isikae bila mtu. Za aina ile zilikuwa mbili tu katika msafara mzima. Wengine wote walibeba bado zile za zamani.

Zile za zamani ndizo za baba. Baba yetu, mzee Ezekia, alikwenda na moja yao Burma akarudi nayo, na mpaka leo akiitaja huita Namba Nne, kama mtu anayemtaja rafiki. Kanisani huvaa medali mbili juu ya koti. Mtoto yeyote wa Njombe aliyemwona njiani siku zile alimwimbia, "Inua, vuta, sukuma, shusha," naye akapiga saluti.

"Sasa nieleze," akamwambia Sila jioni ile. "Hii yako inavutwaje?"

"Mara moja tu, baba. Ya kwanza. Baada ya hapo inajipakia yenyewe. Risasi ikitoka, moshi wa baruti kidogo unapita kwenye tundu hapa juu ya mtutu, unasukuma chuma nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia. Wewe kazi yako ni kidole. Ishirini mfululizo."

"Bunduki inayojifanyia kazi," baba akasema, "ni kama ng'ombe anayejikamua. Siku akikataa, utamfanya nini?"

Mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Sila naye akacheka, lakini nilimwona anavyotaka baba aelewe. Akaeleza kwamba ilibuniwa kwanza na Wabelgiji, Waingereza wakaichukua, wakaijaribu miaka mingi kabla ya kuikubali. Waliipeleka kwenye theluji, wakaipeleka jangwani. Mchanga ulipoikwamisha, wakachonga mifereji midogo kwenye kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma, ili mchanga upate pa kukimbilia. Akatuonyesha mifereji hiyo kwa ncha ya kijiti. Mbele, chini ya kile kinundu cha kulengea shabaha, kulikuwa na pete ndogo ya kuzungushwa: ukitaka moshi mwingi zaidi usukume, unaizungusha huku, ukitaka mdogo, kule.

"Na mafuta?" baba akauliza. "Namba Nne, mafuta yalipotuishia Burma, nilipaka samli ya Wahindi. Siku nyingine nikapaka mafuta ya samaki wa kopo. Ikala, ikasema asante, ikaendelea na kazi."

"Hii ina mafuta yake," Sila akasema, akainua kichupa kidogo kama kidole gumba.

Baba akatikisa kichwa. "Ya kwako ina matumbo ya kizungu."

Kisha Sila akasema jambo lililomleta. Alilisema akiangalia moto.

"Kesho ikienda vizuri, Luteni ataandika jina langu niende Nakuru kwenye kozi ya wakufunzi. Nikirudi, sajini. Baba, Wazungu wanaondoka, kila mtu anajua. Bunduki hizi zitabaki. Lazima awepo mtu wetu wa kuwafundisha vijana. Nataka niwe mimi."

Baba alimtazama mwanawe, akatazama bunduki, akasema, "Basi kesho nivalishe koti langu, Yudita." Yudita ni mama. Hivyo ndivyo baba anavyosema kwamba amefurahi.

Baridi ya Julai mnaijua. Mikono ya Sila ilikuwa imepasuka kwa sababu ya miaka mingi ya joto la pwani na siku tatu za upepo wa Makambako. Mama alipoiona hakuuliza. Akashusha kibuyu cha mafuta ya nyonyo ambacho hukitundika juu ya meko, akampaka mpaka viwiko, kama alivyotupaka sote tulipokuwa wadogo, na Sila, koplo mzima, akatulia.

"Mama, nitanuka nyonyo mbele ya Luteni."

"Unuke. Ajue una mama."

Halafu Sila akasema anakwenda kuisafisha bunduki. Akaomba maji. Nilileta beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni, nikamshikia, sisi wawili tu jikoni. Alinawa mara mbili. Alisugua hata kati ya vidole, akainusa mikono, akanawa tena mara ya tatu, nami nikamwaga yale maji nje, yakafuka moshi kwenye majani. Haya nayakumbuka kama ninavyokumbuka jina langu.

Alikuwa ameifungua bunduki katikati, imeinama kama mtu anayesujudu, na kichupa cha mafuta kiko wazi pembeni yake, mchungaji alipopiga hodi. Alikuja na majirani kumsalimu mwanajeshi. Haikuwezekana kuwakaribisha jikoni penye bunduki, wala haikuwezekana kuwaacha nje.

"Ida," Sila akaniambia, "kaa hapa. Usitoke. Wewe ndiye askari wa zamu sasa."

"Ndiyo, afande," nikasema, naye akanivuta sikio, akatoka.

Nilikaa. Sikuigusa bunduki. Nilikichukua kile kichupa tu, nikakinusa, kwa sababu nilitaka kujua mafuta yaliyotoka mbali namna ile yananukaje. Yalinuka kama lori. Hapo mlango wa mbele ukasukumwa, nikasikia mtu anacheka karibu sana, nikashtuka kama mwizi. Kichupa kikaanguka. Nilipokiokota kilikuwa na matone tu. Mengine yote yalikuwa kwenye udongo na majivu.

Mtu mwingine angesema, "Kaka, nimemwaga." Maneno mawili. Najua. Lakini mimi niliacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu aliniita mbele kuniuliza jambo nililolijua vizuri, nikasimama mdomo umefungwa mpaka kengele ikalia, na kesho yake sikurudi. Jambo likiwa kubwa, ndipo mdomo wangu unapojifunga zaidi. Niliwaza wageni wale wote wamejaa nyumbani, Luteni, Nakuru. Nikawaza pia samli ya Wahindi. Kama Namba Nne ilikula samli na mafuta ya samaki, hii iliyopelekwa kwenye theluji na jangwani ingeshindwa na nini?

Kibuyu kilikuwa kimetundikwa juu ya kichwa changu. Mafuta yalikuwa mepesi kwa joto la moto, yanateleza kama maji, rangi yake haikutofautiana sana na yale mengine. Nikakijaza kichupa mpaka mahali palepale yalipokuwa. Nikafukia yaliyomwagika kwa majivu. Nikakirudisha kibuyu, nikakaa.

Sila aliporudi aliniuliza, "Kuna adui aliyepita?"

"Hakuna."

Akapaka bunduki mafuta, sehemu moja moja, akiimba wimbo wa kanisa puani. Jiko lote lilikuwa linanuka nyonyo tayari. Shati lake lilinuka nyonyo. Angejuaje? Alitumia karibu yote, kwa kuwa alitaka ing'ae, akaifunga, akaivuta mara moja kwa mkono wa kushoto. Ililia vizuri sana, mlio mmoja mkavu.

"Sikia," akaniambia. "Sikia hiyo."

Asubuhi kulikuwa na sakitu. Majani yote kutoka kwetu mpaka bondeni yalikuwa meupe, na yalivunjika chini ya miguu. Sila alikuwa ameondoka mapema, na tulipofika mahali pa shabaha jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa kilima cha pili. Bunduki zilikuwa zimelazwa juu ya turubai kwenye nyasi. Malori ya Makambako yamefika. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya soko: wafanyakazi wa mashamba ya miwati, wanafunzi, wazee wa Burma waliobaki, akina mama na mablanketi. Ng'ambo ya kijito, kwenye ukingo wa udongo, walikuwa wamepanga vyungu vibovu mstari mrefu.

Luteni alikuwa kijana mwekundu mwenye kucheka. Alipomwona baba na medali zake, akaja, akampa mkono, akamwuliza kwa Kiswahili cha jeshi kama bado anakumbuka kazi. Baba akasema mkono hausahau. Basi Luteni akaamuru apewe Namba Nne na risasi tano. Mzee wa zamani na bunduki ya zamani kwanza, kisha mwana na bunduki mpya. Watu wakashangilia. Ilikuwa kama sherehe ya nyumba yetu.

Baba alilala kifudifudi juu ya turubai, koti la kanisani na yote. Inua, vuta, sukuma, shusha. Vyungu vinne kati ya vitano vikaruka. Mama akapiga vigelegele. Baba alipoinuka, magoti yana maji ya sakitu, alikuwa na uso ambao sijauona tena.

"Haya, mwanangu," akasema. "Tuonyeshe huyo ng'ombe wako."

Sajini aliikagua bunduki ya Sila, akaona inang'aa, akaridhika. Sila akalala mahali baba alipolala. Luteni akawaelezea watu kwa sauti: risasi ishirini, bila kuvuta tena, kufumba na kufumbua.

Risasi ya kwanza ilitoka. Chungu kikavunjika. Tukangoja ya pili.

Haikuja. Nilikiona kile chuma kimerudi nusu njia, kimelala hapo, kizito, kama mtu aliyeamshwa akageukia ukutani. Sila akakivuta kwa mkono wa kushoto, akafyatua. Moja ikatoka. Chuma kikalala tena. Akaizungusha ile pete ya mbele, akafyatua. Vilevile. Akaizungusha zaidi. Vilevile. Shingo yake ilianza kuwa nyeusi kwa jasho, katika baridi ile. Hakuinuka. Aliamriwa ishirini, basi akaanza kuvuta kila risasi kwa mkono, moja, nyingine, na nyingine.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mbona na hii inavutwa?" Watu wakacheka kidogo.

Ndipo baba yangu, aliyekuwa bado na furaha ya vyungu vyake vinne, akapaza sauti ya wimbo: "Inua! Vuta! Sukuma! Shusha!"

Nadhani alitaka kumsaidia. Nadhani alitaka kuigeuza iwe mchezo wa baba na mwana, kama tulivyokuwa kwenye matuta ya viazi. Lakini wimbo ule kila mtu Njombe anaujua. Wanafunzi waliudaka kwanza, halafu watu wote. Umati mzima ukaimba, ukipiga makofi, na kaka yangu amelala juu ya turubai anavuta kwa mkono usio wa wimbo, risasi baada ya risasi, mpaka ishirini zikaisha. Zile za mwisho hazikugusa chungu chochote.

Luteni hakuwa anacheka tena. Akaifungua bunduki, akapitisha kidole ndani, na mafuta, mazito kwa baridi, yakavutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Akanusa. Akampa sajini naye akanusa.

"Haya si mafuta ya jeshi," sajini akasema. "Koplo, umeipaka nini?"

Sila alikuwa amesimama wima. Niliona macho yake yanashuka polepole mpaka kwenye mikono yake mwenyewe.

"Ni mikono yangu, afande," akasema. "Jana nilipakwa mafuta ya nyonyo kwa ajili ya baridi. Nadhani sikunawa vizuri."

Mama alikuwa mbele yangu. Nilimwona anavuta blanketi lake, anaficha mikono ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya mgongo wake. Kati yangu na Sila hapakuwa na zaidi ya hatua kumi, na chupa ilikuwa mfukoni mwake, karibu tupu, hakuna aliyefikiri kuifungua. Nilifungua mdomo. Nilisikia baridi kwenye meno. Nikaufunga.

Cheo cha sajini kikaenda kwa mtu mwingine. Hata zile alama mbili za ukoplo walimvua Makambako, mbele ya malori, siku ya kurudi. Jina lililoandikwa kwenda Nakuru halikuwa lake. Vijana kumi na wawili waliandikishwa siku ile Njombe, na wote waliondoka wakiimba wimbo wa baba.

Nyumbani hatukulizungumza. Mama alikishusha kile kibuyu, akamwaga yaliyokuwemo kwenye shimo la majivu, na tangu hapo hajakamua nyonyo. Miguu yake ilipasuka ule mwaka mpaka akawa anachechemea. Nilipomwambia nitamwombea mafuta kwa jirani alisema, "Mikono hii imetosha." Baba hakuimba tena matutani. Watoto wakimwimbia njiani alikuwa anapita kama hakusikia.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Sila alimaliza mkataba wake akaacha jeshi. Basi la Relwe, la shirika la reli, lilimleta mpaka Makambako, akashuka hapo, hakupanda jingine la kuja juu. Tulisikia kwa watu kwamba analinda ghala la mfanyabiashara, na kwamba analinda kwa rungu.

Baba alingoja wiki tatu. Kisha akaniita.

"Nenda ukamwone kaka yako. Mwambie niliicheka bunduki. Sikumcheka yeye." Akafikiri. "Mwambie pia vile vyungu vyangu vilikuwa karibu."

Nilimkuta amekaa kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja aitwaye Esteria, mkabala na ghala. Alikuwa amekonda. Matope ya masika yalikuwa mpaka mlangoni, na malori yalipita yakielekea Mbeya na Iringa, yakitupaka sote. Nikampa maneno ya baba. Alitabasamu kwa ile habari ya vyungu.

"Vilikuwa mita mia," akasema. "Havikuwa karibu. Mwambie baba alipiga vizuri." Akazungusha kikombe. "Simkasirikii baba, Ida. Kweli. Angeimba bunduki ikiwa inafanya kazi, nami ningecheka naye. Ninachoshindwa ni kurudi pale kabla sijajua."

"Kujua nini?"

"Nilikosea wapi. Najua bunduki ile kuliko ninavyojua mwili wangu. Kila siku naifungua kichwani, naipaka, naifunga. Kila siku nafika kwenye mikono." Akaiinua mbele yangu, viganja juu. "Mimi nakumbuka nilinawa. Naiona sabuni. Halafu nasema, haiwezekani, ningekuwa nimenawa yasingetokea, kwa hiyo hiyo sabuni nimeitunga mwenyewe ili nijipe moyo. Mtu anayejitungia kumbukumbu hafai kufundisha mtu mwingine silaha. Hapo walifanya haki."

Esteria akamwongezea chai bila kuulizwa.

"Wewe ndiye uliyeleta beseni," Sila akasema. "Nimetaka kukuuliza muda mrefu. Niambie tu, hata kama ni vibaya. Nilinawa au sikunawa?"

Kulikuwa na nzi kwenye ukingo wa kikombe. Nakumbuka huyo nzi. Nilijua kwamba nikisema alinawa, swali la pili litakuwa, basi mafuta yalitoka wapi, na baada ya hilo hakuna mlango mwingine isipokuwa mimi. Basi la Njombe likapiga honi.

"Sikumbuki, kaka," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitazamia. "Hata mimi ningesahau. Ilikuwa mikono tu." Akanisindikiza mpaka kwenye basi, akaniinulia kikapu changu, na nilipokaa akagonga ubavu wa basi mara mbili ili dereva aende.

Nilimwambia baba kwamba Sila amesema atakuja. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, nao ulikuwa rahisi kuliko wa kwanza. Baba alihamisha kigoda chake akakiweka upande wa nyumba unaotazama barabara. Kila alasiri basi likipita aliinuka, akalitazama mpaka lizame kwenye miti ya mwati, akakaa.

Kulala kukawa shida kwangu, kula kukawa shida. Mwezi wa nane, katika sakitu kama ile ya mwaka jana, niliamka nikasema basi, leo. Nikamwambia mama nakwenda Makambako. Njia nzima nilikuwa nayasema maneno yenyewe kimya kimya ili yasinikimbie: alinawa, nilimwaga, nilijaza. Alinawa, nilimwaga, nilijaza. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alidhani nasali, akaniachia nafasi.

Mlango wa ghala ulikuwa na mlinzi mwingine, mzee mwenye blanketi. Nikavuka kwenda kwa Esteria. Aliponiona akaweka birika chini.

"Kamwene, mwanangu. Wewe ndiye Ida."

"Ndiye mimi."

"Ameondoka Alhamisi. Lori la watu wanaoandikishwa kwenda migodini, kule Kusini, ng'ambo ya mpaka. Walipita hapa wakanywa chai, akawaangalia, akaniambia, mama, naacha rungu langu hapa kwako. Ndivyo tu. Akapanda." Akanitazama usoni. "Keti. Umekuwa mweupe."

Sikukaa. Nikamwuliza kama ni mwaka mmoja au miwili. Hakujua. Wengine, alisema, hurudi na baiskeli, wengine hawarudi.

"Ameacha neno," Esteria akasema. "Kwa mama yenu. Alinifanya nilirudie mara mbili ili nisikosee. Mwambie mama mafuta yake hayakuwa na kosa, mikono ilikuwa yangu, na sikunawa."

Sikunawa. Aliondoka nalo hilo. Nililikubali mimi, kwenye kibanda hichohicho, kwa neno moja, naye akalibeba akalipandisha lori.

Nilirudi na basi la mchana. Waliijaribu bunduki ile kwenye theluji, wakaijaribu kwenye mchanga na matope. Miaka na miaka ya watu wenye akili. Hakuna aliyefikiri kuijaribu na msichana asiyeweza kusema nimemwaga. Niliwaza hivyo dirishani, na sikuona cha kucheka.

Basi liliposimama Ramadhani, baba alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kigoda, mkono juu ya macho kwa ajili ya jua. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akangoja mlango wa basi ufungwe. Ulifungwa. Mama alikuwa ameegemea ukuta anapukuchua mahindi, miguu yake imenyooka mbele, nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Yuko wapi?" baba akauliza.

Mdomo wangu ukaanza kujifunga, kama kawaida yake. Nikaiona mikono ya mama imesimama katikati ya gunzi. Nikaweka kikapu chini ili nisiwe na kitu cha kushika, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuifahamu:

"Sila alinawa. Kwa sabuni, mara tatu. Mimi ndiye niliyemshikia beseni. Mafuta ya bunduki niliyamwaga mimi, baba, nikaijaza ile chupa kwa mafuta ya kibuyu cha mama, nami nikanyamaza."